Usisahau Ubaharia: Juu ya Shukrani za Jarida la Aequatoria



Katika vitabu vya wataalamu kuna ukurasa mmoja ambao karibu watu wote huuruka. Hauna namba ya sura wala hauna hoja. Ni ukurasa wa shukrani. Humo mwandishi hutaja waliompa fedha, waliompa mahali pa kulala, na waliosoma maneno yake wakayasahihisha. Msomaji mwenye haraka huupita kama abiria anayepanda mashua pale Kalundu: hawaamkii mabaharia, macho yake yatafuta kiti tu.

Leo sisi twataka kusimama kwenye ukurasa huo. Kwa muda wa miezi kadhaa tumekuwa tukisoma, buku baada ya buku, jarida la wataalamu liitwalo Annales Aequatoria, lililotoka katika maktaba ya misioni moja ya Kongo, mbali na huku kwetu. Tulianza kulisoma ili tujifunze habari za lugha. Tulipofika mwisho tulikuwa na swali jingine kabisa: ni nani hasa waliolitengeneza jarida hili, na je, wameshukuriwa kama ilivyowapasa?

Pengine mtatuuliza: Mbandaka na Uvira, wapi na wapi? Wao wana mto na msitu, sisi tuna ziwa na milima. Lakini swali ni lile lile, kama mtakavyoona.

TUSEME KWANZA MEMA

Jarida la Aequatoria lilianzishwa mwaka 1937 huko Coquilhatville, mji ambao leo twauita Mbandaka. Walioanzisha ni mapadre wawili wa Shirika la Wamisionari wa Moyo Mtakatifu wa Yesu, Padre Edmond Boelaert na Padre Gustaaf Hulstaert, wote wawili Wabelgiji. Kusudi lao lilikuwa kuandika lugha, desturi, sheria na historia ya watu wa nchi ile, hasa Wamongo. Wakati ule Wazungu wengi waliona kwamba mambo ya Mwafrika ni ya kufutwa, si ya kuandikwa. Mapadre hao wawili walikataa mawazo hayo, wakaandika.

Jarida likatoka hata mwaka 1962, kisha likanyamaza. Mwaka 1980 likafufuka kwa jina la Annales Aequatoria, likiongozwa na Padre Honoré Vinck, na likaendelea mpaka 2009. Nyumba yake ni Bamanya, misioni iliyo karibu na Mbandaka. Hapo pana maktaba na akiba ya karatasi za kale: barua, madaftari, vitabu vya shule vya zamani vilivyoandikwa kwa lugha za Kongo. Wataalamu wa nchi nyingi wamezitumia, na leo makala zake nyingi zaweza kusomwa hata kwa intaneti.

Padre Hulstaert mwenyewe alifika Kongo mwaka 1925 na kufariki mwaka 1990. Alitoa kamusi kubwa ya Kilomongo mwaka 1957, akatoa mkusanyo wa methali, akatoa sarufi yenye mabuku kadhaa. Kazi kama hiyo si mchezo. Mtu akitaka kujua ugumu wake, na ajaribu kuandika maneno yote ya Kibembe au ya Kifuliiru yanayoanza na herufi moja tu, halafu atuletee daftari lake baada ya mwezi. Ataleta kurasa mbili, na ugomvi na jirani zake juu ya maana ya neno la tatu.

Basi hatuandiki ili kumpunguzia nahodha heshima yake. Chombo bila nahodha huenda mwambani. Lakini wazee wa pwani walituachia methali: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Methali hiyo ndiyo kipimo chetu leo.

MDOMO ULIOSIMULIA

Mwaka 1949 Padre Boelaert alitoa katika Aequatoria masimulizi marefu ya Nsong'a Lianja, hadithi kuu ya Wamongo juu ya shujaa Lianja na dada yake Nsongo. Ni kazi yenye sifa, na wataalamu wanaitaja mpaka leo. Lakini padre hakuzaliwa na hadithi ile kinywani mwake. Aliipokea kwa watu. Kulikuwa na wazee walioisimulia usiku, na vijana waliojua kalamu, yaani walimu, wanafunzi na makatekista, walioweza kuiandika. Msomaji akichukua jarida mkononi huona jina la nani? La aliyekusanya. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya majarida yote ya wakati ule, si la Aequatoria peke yake. Aliyekusanya huitwa mwandishi; aliyesimulia huitwa «mwenyeji mmoja», au «mzee wa kijiji», au haitwi kitu.

Twaomba msituelewe vibaya. Kukusanya ni kazi, kulinganisha masimulizi ni kazi, kutafsiri ni kazi kubwa zaidi. Lakini mwenye nyumba akiita fundi, na fundi akiwaita wabeba mawe, siku ya kufungua nyumba fundi asiseme kwamba mawe yalikuja yenyewe.

Hapa twafika kwenye jambo lililotugusa kuliko yote katika mabuku haya. Mwaka 1954 Padre Boelaert alifanya shindano la kuandika. Aliwaomba wenyeji wa nchi ya Ekwateri waandike jinsi Wazungu walivyofika kwao mara ya kwanza: nani aliwaona, walifanya nini, wazee walisema nini. Watu wakaandika. Wengine walisikia kwa baba zao, wengine walikwenda kuwauliza wazee waliokuwa bado hai. Humo mkaingia habari za vita, za kukimbia msituni, na za mpira wa wakati wa Mfalme Leopold wa Pili, ambaye utawala wake ulikwisha mwaka 1908. Wazee wetu wa Kongo wanajua neno «mpira» lilikuwa na maana gani siku zile. Si mpira wa kuchezwa na watoto.

Karatasi hizo zilikaa. Padre Boelaert alifariki mwaka 1966. Uhuru ulikuja, maasi yakaja, majina ya miji yakabadilika, jina la nchi nalo likabadilika. Karatasi zikakaa kabatini. Ndipo mwaka 1995 na 1996 Annales Aequatoria ilipozichapa, mamia ya kurasa katika mabuku mawili, pamoja na majina ya waandishi wake. Na mbele ya kazi hiyo yamewekwa majina matatu: Boelaert, Vinck, na Charles Lonkama. Huyu wa tatu ni Mkongo, aliyefanya kazi hiyo pamoja nao, na jina lake halikutupwa chini kwa herufi ndogo. Limesimama juu, sambamba na majina ya mapadre wawili.

Kwa maoni yetu, ukurasa huo ndio shukrani iliyo bora kuliko zote tulizosoma katika jarida lote, ingawa neno «asante» huenda halimo. Kumshukuru mtu si lazima kumwambia maneno matamu. Kuliandika jina lake penye kazi yake yatosha, na yapita maneno matamu.

LAKINI ILICHELEWA

Tumesifu, sasa tuseme na upande wa pili, maana sifa zikizidi huharibu. Wajua methali ya mgema na tembo.

Hebu tufanye hesabu. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 15 mwaka 1900, akaona kwa macho yake mambo ya mpira, alikuwa na miaka 69 mwaka 1954. Bado angeweza kukaa barazani na kumwambia mjukuu wake, andika. Lakini mwaka 1995, siku neno lake lilipochapwa, angekuwa na miaka 110. Shukrani ilimkuta kaburini. Hata mjukuu aliyeshika kalamu, kama alikuwa na miaka 25 siku ya shindano, alikuwa ameingia katika uzee. Ni wangapi waliokuwa hai kufungua buku na kuona majina yao?

Hatuhukumu nia ya mtu. Kuchapa vitabu kwataka fedha, na nyakati nyingine kwataka ruhusa na amani. Lakini msomaji ana haki ya kusema: deni lililolipwa baada ya miaka 40 limelipwa, naam, lakini mwenye kudai alilala njaa.

Na liko jambo la pili. Jarida hili liliandikwa kwa Kifaransa na kwa Kiflamandi. Kwa haki tukumbuke kwamba lilichapa pia maneno mengi ya Kilomongo chenyewe, na hilo ni jema sana. Lakini maelezo, hukumu na shukrani zimeandikwa kwa lugha za wageni. Ukimshukuru mtu kwa lugha asiyoisikia, umemshukuru nani? Umejishukuru mwenyewe mbele ya wenzako. Ni kama mtu anayetoa asante kwa mpishi akiwa amegeuza uso, akizungumza na wageni wengine mezani. Mpishi aona mgongo tu.

Na la tatu: twawakumbuka watunza maktaba. Kati ya mwaka 1954 na 1995 karatasi zile zilikuwa katika nchi ya joto, mvua na mchwa. Karatasi haiishi miaka 40 kwa bahati. Kuna mtu aliyefuta vumbi. Kuna mtu aliyeinua sanduku sakafuni wakati wa mvua. Kuna mtu aliyekataa kutoa karatasi hizo ziwashie moto au zifungie karanga sokoni. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari bila mlinzi hupotea pia. Katika shukrani za wataalamu, mlinzi huyo hutajwa kwa nadra kuliko wote. Hata hivyo bila yeye hakuna jarida, hakuna mtaalamu, wala hakuna sisi wa kusoma.

ZIWA LETU NALO LINA DENI

Sasa turudi nyumbani.

Hapa Uvira kuna kituo cha kuchunguza maji na samaki wa ziwa. Kilikuwa tawi la IRSAC, taasisi ya sayansi iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, ambayo makao yake makuu yalijengwa Lwiro, upande wa Bukavu. Leo kituo chetu chaitwa Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, nacho kina maktaba yake. IRSAC nayo ilikuwa na jarida lake, Folia Scientifica Africae Centralis. Watu wengi hupita mbele ya kituo hicho wakienda sokoni na hawajui kwamba majina ya mji wao yamo katika vitabu vya ulimwengu mzima.

Katika miaka ya 1950 walifanya kazi hapo wataalamu wawili, Georges Marlier na Jean Dubois. Dubois alipima maji ya upande wa kaskazini wa ziwa: joto lake, oksijeni yake, na jinsi mwanga unavyopenya, vipimo vyake vilitoka mwaka 1958. Marlier alichunguza samaki wa miambani, karibu na pwani. Mwaka 1959 Marlier alieleza samaki mmoja ambaye vitabu vilikuwa havijampa jina bado. Anapokuwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe kama nyota. Akikua kichwa chake huwa cha buluu na mshipi hupita kiunoni mwake. Aliyatoa maelezo hayo kwa samaki wa Bemba, pwani hii hii ya kwetu. Akampa jina la mwenzake: Tropheus duboisi. Naye Marlier alikuwa amekwisha kupewa samaki wake mwaka 1956, na mtaalamu Max Poll: Julidochromis marlieri.

Tazameni namna nzuri ya kushukuru! Mtaalamu hampi mwenzake fedha wala nishani. Humpa samaki, na maadamu watu watasoma vitabu, jina lile litaogelea. Twaipenda desturi hiyo kweli kweli. Lakini hatuna budi kuuliza: samaki yule alivuliwa na nani? Nani alijua kwamba yuko penye mawe ya Bemba, wala hayuko penye mchanga? Nani alipiga kasia, nani alitega nyavu, nani alimwambia mgeni, bwana, huyu si yule wa jana, ni mwingine?

Wavuvi wa kwetu hawakungoja kitabu ili wajue kutofautisha. Wanajua ndagala na mukeke, wanajua sangala na kuhe, na wanajua vijisamaki vya mawe ambavyo watoto huvitazama wakiwa wanaoga. Wanajua kwamba mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, kwa sababu ndagala hawaji kwenye mwanga mdogo wakati mbingu yote inang'aa. Maarifa hayo yaliingia katika madaftari ya wataalamu kama maji yanavyoingia mchangani: yakafika ndani, yakaacha alama ndogo mno juu.

Hatudai kwamba kila mpiga kasia apewe samaki. Twasema tu kwamba penye kuandika «shukrani kwa wavuvi wa Uvira» ingewezekana kuandika majina matatu au manne. Wino wake ungekuwa wa senti.

KOSA LETU WENYEWE

Ni rahisi kunyoshea kidole wengine. Yafaa tuwaambie na letu.

Siku moja sisi wenyewe tuliandika maneno juu ya desturi za kupokea mapacha. Habari zote tulizipata kwa mama mmoja mzee wa Mulongwe. Alikaa nasi mchana mzima, akaeleza, akaimba, akatusahihisha tulipokosea. Tulipochapa, tuliandika: «Wazee wasema hivi, wazee wasema vile.» Tulidhani tumefanya heshima. Kumbe mama alimwita mjukuu wake amsomee, toka neno la kwanza hata la mwisho. Kijana alipomaliza, mama akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Kumbe siku ile mimi sikuwapo?»

Neno hilo lilituuma kuliko barua zote za kutulaumu tulizowahi kupata. Tulikwenda kumwomba radhi. Hakutaka fedha. Alituambia kwamba tukiandika tena, tusiandike jina lake peke yake, bali tuandike na la mama yake marehemu, kwa kuwa yeye alifundishwa naye. Yaani mwanamke yule asiyesoma alijua kushukuru kuliko sisi tuliosoma. Tangu siku ile twausoma ukurasa wa shukrani kwa makini, na ndiyo sababu ya maneno haya yote.

SHUKRANI ZA UONGO NA SHUKRANI ZA HATARI

Lakini tusidhani kwamba kutaja majina mengi ni kushukuru vema. Wasomaji wetu walio wanafunzi wanajua kazi ya mwisho wa masomo, ile inayochapwa kwa mashine na kufungwa kwa jalada gumu. Tumesoma nyingi. Ukurasa wake wa shukrani mara nyingine ni mrefu kuliko sura ya kwanza. Mwanafunzi anamshukuru Mungu, wazazi, mwalimu wake, mwalimu msaidizi, wajomba, shangazi, binamu wa Bukavu, binamu wa Bujumbura, marafiki wa chumba kimoja, na kwaya. Vema! Lakini kazi yenyewe ni juu ya bei ya samaki sokoni, na wale akina mama wauza samaki 40 waliojibu maswali yake wakiwa juani hawamo. Mjomba aliyelipa karo anastahili asante, nani atakataa? Lakini mjomba hakumwambia bei ya mukeke.

Hapo twaona tofauti ya shukrani mbili. Moja humshukuru aliye juu yako au aliye karibu nawe, kwa kuwa kesho utamhitaji. Nyingine humshukuru aliyekupa kitu ambacho hukuwa nacho, hata kama kesho humhitaji tena. Ya kwanza ni adabu. Ya pili ni haki. Jarida lenye ya kwanza tu linafanana na barua ya kuomba kazi.

Tena yako majina yasiyofaa kutajwa. Sisi wa pwani hii tumepita mwaka 1964, tumepita vita vya 1996 na vya 1998, na mengine tunayajua bila kuyahesabu. Kuna watu waliotoa ushahidi wa mambo waliyoyaona. Kumtaja mtu kama huyo katika kitabu, ukidhani wamheshimu, kwaweza kumletea wageni mlangoni usiku. Basi dawa ni moja: muulize. Mwambie, baba, mama, nataka kuandika jina lako. Wapenda au hupendi? Akikataa, liandike mahali pa siri na ulihifadhi, ili siku za amani zikija liweze kutoka. Kuficha jina kwa kumlinda mwenyewe ni upendo. Kuliacha kwa uvivu ni jambo jingine, ijapokuwa kwenye karatasi yote mawili yaonekana sawa.

TERSIO ALIYESHIKA KALAMU

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba mtu mnyenyekevu hatafuti jina lake vitabuni. Kweli, mnyenyekevu halitafuti lake. Lakini aandikaye hana ruhusa ya kuwa mnyenyekevu kwa niaba ya wengine.

Fungueni Barua ya Mtakatifu Paulo kwa Warumi, sura ya 16. Barua hiyo ina mafundisho mazito kuliko barua zake zote, na watakatifu na wataalamu wameichunguza tangu kale. Inaishaje? Inaishia na majina. Anatajwa Fibi, mwanamke wa Kenkrea. Wanatajwa Priska na Akila waliohatarisha maisha yao. Wanatajwa wengi ambao hatujui kitu kingine juu yao. Halafu, katikati ya salamu, kalamu inageuka na mtu mwingine anasema: naye ni Tersio, yule aliyekuwa akiandika barua wakati Paulo akisema. Paulo hakumzuia. Alimwachia mwandishi wake mstari mmoja. Leo, baada ya karne karibu ishirini, twajua jina la karani yule.

Mtume alikuwa na habari kubwa ya kueleza, na karatasi ya siku zile ilikuwa ya thamani. Hata hivyo nafasi ya majina ilipatikana.

NENO LA MWISHO

Basi hukumu yetu juu ya Aequatoria ni ipi? Ni jarida kubwa, lililofanya kazi ambayo serikali hazikuifanya. Katika miaka yake ya kwanza lilipokea mengi kuliko lilivyokiri. Katika miaka yake ya mwisho lilijifunza kukiri, na mabuku ya mwaka 1995 na 1996 ni ushahidi wa kujifunza huko. Msomaji anayejua Kifaransa na ayasome. Asiyejua, na amwombe mwalimu wa shule amsomee jioni, maana yale ya mpira si ya Ekwateri peke yao. Ni ya Kongo nzima.

Nasi tujifunze. Yeyote kati yenu anayeandika, awe mwanafunzi, mwalimu, katekista, au mama anayetunza daftari la chama, na ajiulize maneno manne kabla ya kufunga kazi yake. Ni nani aliyenipa nisichokuwa nacho? Je, nimemwuliza kama apenda kutajwa? Je, nimemshukuru kwa lugha anayoisikia? Je, kazi hii itarudi mkononi mwake angali hai? La nne ndilo gumu, nalo ndilo linalowashinda wataalamu wengi. Nakala moja tu yatosha, ipelekwe kwa mguu au kwa mashua.

Na kwa kuwa tumesema mengi juu ya wengine, tumalize kwa kulipa kidogo deni letu. Twawashukuru wanaosahihisha makosa ya kurasa hizi usiku umeme ukiwapo. Twawashukuru wanaozibeba kwa pikipiki, na wanaozipeleka kwa mashua kuelekea Baraka wakizifunga katika nailoni zisilowe. Twawashukuru wasomaji wanaotuandikia kwamba tumekosea jina la kijito au la ukoo. Twamshukuru mama wa Mulongwe, na mama yake aliyemfundisha. Majina yao hatuyachapi hapa, kwa kuwa tuliwauliza na wengine walicheka wakakataa. Yameandikwa katika daftari letu, na daftari limewekwa juu, mbali na mvua.